Safari ya Kiondo: Kutoka Vilima vya Machakos Mpaka Voi

Rafiki yangu mmoja, ambaye ni karani katika mji wa Nairobi, alinionyesha siku moja kiondo kipya alichomnunulia mkewe. Akaniambia kwa furaha, "Tangu Serikali ilipokataza mifuko ya plastiki, mimi nimerudia kitu cha wazee wetu. Kiondo hakidhuru nchi." Nilikishika kiondo kile nikakigeuza huku na huku. Nyuzi zake za kusimama zilikuwa za katani kweli, lakini zile nyekundu na za buluu zilizokipamba pande zote zilikuwa za plastiki. Sikumwambia neno, maana mke wake alikuwa amekipenda sana. Lakini maneno yale hayakunitoka moyoni. Je, ni kweli kwamba kiondo hakidhuru nchi? Na kama chadhuru, chadhuru wapi, na ni nani aumiaye?

Basi nilipopata likizo fupi nilifunga safari kuzifuata nyuzi za kiondo mpaka zinakotoka. Wasomaji wengi wanajua kwamba jina hili latoka kwa Wakikuyu na Wakamba. Wakamba husema kyondo kwa kimoja na syondo kwa vingi. Kwa hiyo nilianza Ukambani.

Mji wa Machakos umekaa chini ya vilima vya Iveti, na mtu akipanda juu kidogo huona jambo la kupendeza. Kila mteremko umekatwa matuta, moja juu ya jingine, kama ngazi za nyumba kubwa. Mambo hayakuwa hivi zamani. Katika miaka ya 1930 vilima hivi vilikuwa vimekwisha kuliwa na maji ya mvua, na wataalamu wa udongo waliovitembelea waliandika kwamba nchi hii inakufa. Hawakujua kazi ya mikono ya watu wa hapa. Mwaka wa 1994 Mary Tiffen, Michael Mortimore na Francis Gichuki walitoa kitabu kilichoonyesha kwamba watu wa Machakos waliongezeka mara nyingi tangu miaka ile, na hata hivyo mmomonyoko wa udongo ulipungua. Wenyewe walichimba matuta, wakapanda miti, wakatengeneza mipaka ya mashamba yao.

Na katika mipaka hiyo ndipo nilipouona mkonge. Umepandwa kwa mstari kandokando ya mashamba, majani yake yameelekea juu kama panga. Hauhitaji kumwagiliwa maji wala mbolea ya dukani. Mkonge hufunga vinyweleo vya majani yake mchana wakati wa jua kali, na kuvifungua usiku, ndiyo sababu hustahimili ukame ambao hukausha mahindi.

Mkonge si mwenyeji wa nchi hizi. Asili yake ni Mexico, na Wazungu waliuita "sisal" kwa jina la bandari moja ya huko ambayo nyuzi zilipakiwa melini. Mwaka wa 1893 mtaalamu wa Kijerumani aliyeitwa Richard Hindorf aliagiza miche 1,000 kutoka Florida kwa njia ya Hamburg, ipandwe upande wa Tanga. Iliyofika ikiwa hai ilikuwa 62 tu. Kutokana na miche hiyo 62 yakatokea mashamba makubwa ya Tanganyika, na mwanzoni mwa karne ya 20 mkonge ukaingia Kenya pia. Kabla ya hapo wanawake wa Ukambani na Ukikuyu walisuka kwa nyuzi za magome ya miti na vichaka vya porini. Kwa hiyo kiondo cha katani, ambacho sisi twakiona ni cha wazee wetu tangu hapo kale, kwa kweli kilibadilika wakati wa babu zetu.

Karibu na njia nilimkuta mama mmoja mzee akifanya kazi chini ya mwembe. Nilimwamkia, nikamwomba anionyeshe kazi yake.

"Karibu, mwanangu," akasema. "Lakini usiguse maji ya majani haya, yatakuwasha mpaka kesho."

Alikata jani, akaondoa miiba ya pembeni, akalipasua vipande virefu. Kisha akakibana kila kipande kati ya gogo na bapa la panga, akakivuta kwa nguvu. Nyama ya kijani ikabaki upande mmoja, na nyuzi nyeupe zikatoka upande mwingine. Alizianika kwenye ukingo wa mkonge uleule. Zilizokwisha kauka alizisokota juu ya paja, mbili mbili, mpaka zikawa uzi mmoja ulio sawa tangu mwanzo hata mwisho. Kazi hiyo ya kusokota huchukua muda mrefu, na ngozi ya paja lake ilikuwa imekuwa ngumu kama kiganja cha mkulima.

Nikamwuliza, "Mwaitu, takataka hizi za majani wazipeleka wapi?"

Akanionyesha shimo la mbolea. "Huoza humo pamoja na samadi. Zamani wengine walikuwa wakiloweka majani kijitoni mpaka yaoze, ili nyuzi zitoke bila taabu. Ng'ombe wakakataa kunywa. Wazee wakakataza."

Maneno hayo niliyaweka akilini, maana mwisho wa safari yangu nilikuja kuyaelewa zaidi.

Kutoka Machakos nilipanda gari la kupita Wote, tukateremka mpaka Makindu penye barabara kuu ya Mombasa. Nchi hubadilika upesi katika njia hii. Baridi ya vilimani huisha, udongo huwa mwekundu, na miti huwa mifupi yenye miiba. Hapo Makindu pana hekalu la Makalasinga lililojengwa mwaka wa 1926, na msafiri wa dini yoyote hupewa chakula bila malipo. Nami nilikula nikashukuru, nikaendelea mpaka Kibwezi.

Huku ndiko kwenye mibuyu. Mkamba huuita mbuyu mwamba, na kweli mti huu wafanana na jabali. Nilisimama chini ya mmoja ambao watu sita wakishikana mikono wangeuzunguka kwa shida. Mibuyu mingine huishi zaidi ya miaka 1,000. Shina la mbuyu ule lilikuwa na makovu mapana tangu chini mpaka juu ya kimo cha mtu. Mzee mwenye shamba alinieleza habari zake.

"Hapo ndipo mama yangu alipotoa nyuzi," akasema. "Na pale juu, mke wangu. Mbuyu si kama miti mingine. Mti mwingine ukiuchuna gome kuuzunguka pande zote, umeuua. Mbuyu huvaa gome jipya."

Ni kweli. Ganda la ndani la mbuyu lina nyuzi laini, zenye nguvu, rangi yake ni ya kahawia nyepesi, na viondo vyake hupendwa sana na wajuao kazi. Mti huweza kuliotesha tena gome lake baada ya miaka kadhaa. Lakini mzee hakuishia hapo. Alinichukua hatua chache akanionyesha mbuyu mwingine, ambao ulikuwa umelala chini umeoza kama rundo la majani makavu.

"Huu ulichunwa mwaka huu, na mwaka ujao, na mwaka wa tatu," akasema. "Kila mtu alisema anachukua kidogo tu. Kisha ukaja ukame."

Nikakumbuka mithali ya wahenga kwamba chovya chovya humaliza buyu la asali. Mbuyu una maji mengi katika mwili wake, na mti uliovuliwa nguo mara kwa mara hauwezi kungoja mvua kama ule uliovaa. Hata wanyama wametufundisha jambo hili. Katika mbuga ya Tsavo, ambayo haiko mbali na hapa, ndovu walipokuwa wengi waliichana mibuyu wapate maji na chakula, na mingi ikaanguka. Kisha katika ukame wa mwaka wa 1970 na 1971 ndovu kwa maelfu walikufa kwa njaa.

Tena mbuyu una mali nyingine kuliko nyuzi. Matunda yake, mabuyu, huuzwa pwani yakiwa yametiwa sukari na rangi, na tangu mwaka wa 2008 nchi za Umoja wa Ulaya zimeruhusu unga wake kuuzwa huko kama chakula. Mtu anayechuna gome leo yampasa akumbuke kwamba anagusa pia mfuko wa matunda wa mwanawe. Nyuzi hizi hazitii sumu katika maji, wala hazitoki kiwandani, lakini hazifai kuwa za kila mtu. Kama viondo vyote vya Kenya vingesukwa kwa mbuyu, miti hii ingekwisha kabla hatujazeeka.

Siku ya pili nilikaribishwa penye kikundi cha akina mama waliokuwa wakisuka chini ya mti, kila mmoja na kazi yake mapajani. Walikuwa na jambo kubwa la kuamua. Mfanyabiashara mmoja alikuwa ameagiza viondo vingi, vyote vya rangi kali na vyenye ukubwa mmoja, na siku alizotoa zilikuwa chache. Baadhi yao walitaka kununua uzi wa plastiki dukani, na wengine walikataa.

Mama mmoja kijana, mwenye mtoto mgongoni, alisema kwa uwazi. "Nikisuka kwa katani, siku nyingi hupita katika kuvuta na kusokota kabla sijaanza kusuka. Uzi wa dukani nauanza leo. Karo ya shule haingoji mkonge ukauke."

Mama mwingine akajibu, "Mbuzi wangu alikufa mwaka jana. Tulipompasua tulikuta tumboni fundo la nyuzi za plastiki kama ngumi yangu. Nani atanilipa mbuzi?"

Wakanyamaza kidogo. Kwa kweli hakuna aliyesema uongo kati yao. Uzi wa plastiki hutengenezwa kwa mafuta yatokayo ardhini, na asiye na kazi ya mikono anaweza kuulaumu upesi. Lakini uzi huo haukatwi mtini, haupauki upesi, na huifanya kazi ya mama mwenye mtoto mdogo iwe nyepesi. Kuna hata wale wafumuao magunia ya plastiki yaliyochakaa na sweta kuukuu, wakazisuka upya nyuzi zake. Hao wameokota kitu ambacho kingepeperushwa na upepo mpaka mashambani, na wanastahili sifa.

Hasara yake huja mwishoni. Kiondo cha katani tupu, au cha mbuyu mtupu, kikichakaa hutupwa katika shimo la mbolea na kuwa udongo. Uzi wa plastiki hauozi. Hukatika vipande vidogo na vidogo zaidi, hukaa katika udongo na maji, na ukichomwa hutoa moshi mbaya. Na kiondo kilichochanganywa, nusu katani nusu plastiki, ndicho chenye taabu kuliko vyote, maana hakiwezi kuozeshwa wala hakiwezi kuyeyushwa kiwandani. Hapo nilikikumbuka kiondo cha mke wa rafiki yangu. Tangu tarehe 28 Agosti 2017 sheria ya Kenya imekataza mifuko ya plastiki ya kubebea vitu, na adhabu yake yaweza kufika faini ya shilingi milioni 4. Ni jambo la kushangaza kwamba mtu aweza kuiacha plastiki dukani kwa hofu ya sheria, kisha akairudisha nyumbani katika pambo la kiondo.

Akina mama wale walipatana mwishowe. Waliamua kumwomba mfanyabiashara siku zaidi, wasuke kwa katani, na rangi zipunguzwe ziwe mbili. Kama angekataa, wangechukua nusu ya kazi tu. Yule mama kijana hakufurahi, wala sikuweza kumlaumu. Aliyepoteza fedha katika uamuzi ule alikuwa yeye, si mimi niliyekuja na daftari. Niliondoka kabla ya jibu la mfanyabiashara kufika.

Wakati wa mazungumzo hayo nilijifunza pia habari ya rangi, ambayo wanunuzi hawaiulizi kamwe. Watu wengi hudhani kwamba rangi ya miti ni njema na rangi ya unga wa dukani ni mbaya. Mambo hayakukatwa hivyo. Rangi ya magome na mizizi yataka chungu kikubwa kichemke kwa saa nyingi, na kuni hizo zinatoka katika miti hii hii michache. Tena gome likitolewa kuzunguka shina la mti usio mbuyu, mti umekufa. Ili rangi ishike, wasukaji hutia dawa ya kuishikiza. Shabu haina madhara makubwa, lakini dawa nyingine, kama zile zenye kromiamu, ni sumu hata kama rangi yenyewe imetoka katika ua la shambani. Rangi ya dukani kwa upande wake hushika upesi na kuni zake ni chache, lakini maji yake yaliyobaki hayafai kumwagwa popote. Mito midogo ya Makindu na Kibwezi huingia Mto Athi, na Athi huungana na Tsavo kuwa Galana, na mwisho maji hayo huingia baharini karibu na Malindi. Mtu akimwaga chungu chake cha rangi kijitoni, hajui ni mtoto wa nani atakayechota chini.

Mama mmoja wa kikundi kile alikuwa na dawa rahisi. Hutumia maji yale yale ya rangi mara mbili na tatu, kwanza kwa nyuzi za rangi nzito, kisha kwa zile nyepesi, mpaka maji yabaki karibu meupe. Yaliyobaki huyamwaga katika shimo lililo mbali na kisima na mbali na mto. Kwa njia hiyo huokoa rangi, kuni na maji, wala hakufundishwa na mtu.

Mwisho wa safari yangu ulikuwa Voi. Kutoka huko nilikwenda upande wa Mwatate, na hapo niliona mkonge wa namna nyingine kabisa. Mistari yake imenyooka mpaka macho yachoke, na vilima vya Taita vimesimama nyuma yake. Hapa mkonge si ukingo wa shamba tena bali ni shamba lenyewe. Wanawake wa nchi hii, hasa wale wa Kasigau, ni mafundi wa kusuka vikapu vyenye mistari myembamba na mapambo ya kupendeza, na nyuzi zao ni za katani.

Nikiitazama nchi ile nilikumbuka maneno ya mama wa Machakos juu ya ng'ombe waliokataa kunywa. Katika kila kilo 100 za majani ya mkonge, nyuzi hazizidi kilo 4 hivi. Kilo 96 zinazobaki ni maji na nyama ya jani. Katika ua wa mama mmoja zinaingia shimoni na kuwa mbolea. Lakini mashine kubwa hula majani kwa maelfu, na huyaosha kwa maji mengi sana. Kwa miaka mingi mashamba mengi ya mkonge katika Afrika ya Mashariki yaliachilia takataka hizo zirundikane au ziteremke mitoni, na zikioza humaliza hewa ndani ya maji hata samaki wakafa. Mmea ni ule ule, na nyuzi ni zile zile. Kilichobadilika ni wingi wake na mahali zilipotupwa takataka.

Jambo hili lina dawa. Huko Hale, katika mkoa wa Tanga, ulijengwa katika miaka ya 2000 mtambo wa kuzitia takataka za mkonge katika pipa kubwa lililofunikwa, zioze humo na kutoa gesi ya kuendesha mashine ya umeme. Kinachobaki hufaa kuwa mbolea. Hivyo kile kilichokuwa sumu ya mto chaweza kuwa taa ya nyumba, mradi mwenye shamba akubali gharama ya kuanzia.

Niliporudi Nairobi nilikwenda kwa rafiki yangu karani, nikamweleza yote. Aliniuliza kwa uchungu kidogo, "Basi, bwana, nikitupe kiondo cha mke wangu?"

Nilimwambia asikitupe hata kidogo. Kiondo kinachodumu miaka kumi, hata kama kina plastiki, ni bora kuliko viondo vitano vya katani vinavyonunuliwa kwa fahari na kuachwa vioze pembeni. Lakini atakaponunua kingine, yafaa amwulize muuzaji maneno matatu. Uzi huu umetoka wapi? Maji ya rangi yake yalimwagwa wapi? Na kitakapochakaa, kitakwenda wapi? Muuzaji asipojua kujibu leo, akiulizwa na watu kumi atamwuliza msukaji. Na msukaji aliyetumia siku nyingi kusokota alipwe bei ya siku hizo, maana mnunuzi atakaye nyuzi njema kwa bei ya plastiki anamlazimisha mama wa watu anunue plastiki.

Kwa wakulima wenzangu nasema hivi. Aliye na tuta lisilo na ukingo na apande mkonge juu yake, utashika udongo na kumpa nyuzi. Aliye na mbuyu asiuchune pande zote, na aupumzishe miaka kabla ya kuurudia. Vipande vya uzi wa plastiki visiachwe uani penye mbuzi. Hayo hayahitaji fedha wala ruhusa ya mtu.

Wahenga walisema kwamba hakuna masika yasiyo na mbu. Nami katika safari yangu sikuona uzi usio na mbu wake. Mkonge una takataka zake, mbuyu una kovu lake, na plastiki ina mwisho wake mbaya. Mwenye busara haikatai masika kwa sababu ya mbu, bali huyafukia madimbwi yaliyo karibu na nyumba yake.